Wapangaji tisa, geti moja, hakuna anayemjua mwenzake. Tumezidi, ni simu, au ni tamaa?

#1 Jirani wa Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Nyumba ninayopanga huku Kimara ina wapangaji tisa. Kila mtu ana mlango wake, choo chake ndani na mita yake ya umeme wa LUKU. Tuna grupu la WhatsApp linaitwa "Taka na Maji", na kweli kazi yake ni hizo mbili tu. Mwezi uliopita dada wa chumba cha nyuma alifiwa na mama yake mzazi. Tulijua alipoweka mshumaa kwenye stetasi. Kwenye grupu zikamiminika "pole sana dada" na vile viganja vya kuomba, halafu mwenye nyumba akaandika hapo hapo chini yake: "Ya taka bado watatu." Sikuona aliyemgongea mlango.

Nimejiuliza sana chanzo ni nini. Msimamo wangu ni kwamba tumezidi. Sensa ya 2002 Dar ilikuwa na watu karibu milioni 2.5. 2012 wakafika milioni 4.36. 2022 ni milioni 5.38. Hakuna moyo wa kubeba majirani wote hao. Ukimsalimia kila unayekutana naye kituo cha mwendokasi pale Kimara Mwisho asubuhi, kazini utafika saa nane mchana.

Wapo watakaosema ni simu, na wengine tamaa. Karibuni.

#2 Karanga Mbichi

Siti ya mbele, dirishani. Endeleeni.

#3 Mzee wa Magomeni

Kijana, sisi tulibanana kuliko nyinyi. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, korido katikati, uani bomba moja, choo kimoja, na majiko yanatazamana. Ukipika pilau huna ujanja, utatoa bakuli, maana harufu imeshakutangaza. Mkaa wako usipowaka siku mbili watu wanauliza kulikoni. Wala hatukuwa na roho nzuri kuliko nyinyi, nyumba yenyewe ndiyo ilikulazimisha. Leo mnajenga nyumba zisizomlazimisha mtu chochote, mnampa kila mtu simu mkononi, halafu mnailaumu sensa.

Na balozi wa nyumba kumi mmemfanya wa kugonga mihuri tu. Zamani mgeni akilala kwako, balozi anajua kabla hujanywa chai.

#4 Binti wa Uani

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hapo umepamba.

Mimi nimekulia Buguruni, uani kama hiyo uliyoisifia. Uani hiyo hiyo mama yangu alikuwa anapigwa usiku, na majirani wanaongeza sauti ya redio. Asubuhi wanakuja na maji ya moto yenye chumvi ya kumkandia, na maswali yao. Kujuana tulijuana kweli. Kila mtu alijua nani kakopa unga dukani, binti wa nani kanenepa ghafla, mume wa nani kalala nje. Na hao mabalozi waliojua kila mgeni, mbona hawakujua vilio?

Mlango wangu wa sasa una komeo na nalipenda. Simu yangu ndiyo iliyomtoa mama kwenye ile nyumba, maana alinipigia mimi, hakumpigia balozi. Mtu akisema zamani kulikuwa na utu, namwuliza: ulikuwa mwanamke?

#5 Mzee wa Magomeni

Marahaba binti. Sikatai hata neno moja, na nampa pole mama. Ila yule wa maji ya chumvi, pamoja na umbea wake, alikuja. Kwenye nyumba ya huyu kijana wa Kimara hata mbea hakuna.

#6 Takwimu Tu

Mleta uzi, namba zako ziko sawa ila umezisoma upande mmoja. Kati ya 2002 na 2012 Dar ilikua kwa wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 ikashuka hadi asilimia 2.1. Kama ni wingi ndio unaoua ujirani, basi ungekufa kwenye ile miaka kumi ya kwanza, na huu ndio muda tungekuwa tunapumua.

Pia Dar haijabanana kihivyo. Gawanya 5,383,728 kwa kilomita za mraba 1,393, unapata kama 3,865. Nairobi, sensa ya 2019, Mathare peke yake ilikuwa na watu 68,941 kwa kilomita moja ya mraba.

Mimi jicho langu liko Pwani. 2012 mkoa ulikuwa na watu milioni 1.1, 2022 umepita milioni 2. Maana yake watu wanalala Kibaha na Mkuranga na wanafanya kazi Posta na Kariakoo. Mtu anatoka saa kumi alfajiri, anarudi saa tatu usiku. Huyo utamtaka agonge mlango wa nani? Hata wake mwenyewe watoto wanamfungulia wakiwa wamelala. Kwa hiyo nasema ni foleni.

#7 Karanga Mbichi

Tayari sababu ni nne: wingi, simu, nyumba, foleni. Bado mchawi.

#8 Mtoto wa Mathare

Habari zenu majirani. Nimeona tumetajwa, wacha nisimame.

Hiyo namba ya Mathare ni kweli, nimezaliwa ndani yake. Kuta ni za mabati, jirani akikohoa unamjibu pole ukiwa kitandani. Mtu akifa, jioni hiyo hiyo kuna meza, daftari na taa barabarani, na kila anayepita anaacha kitu, hata kama ni shilingi ishirini. Mpaka mwili usafirishwe kwao, vijana hawalali. Sasa dada yangu amepata kazi nzuri akahamia Kileleshwa. Nikienda kumtembelea, kwenye lifti watu wanne tunaangalia zile namba za ghorofa zikibadilika, hakuna anayemwangalia mwenzake. Amekaa pale miaka na anayemjua ni soja wa getini.

Kadiri mtu anavyopata pesa ndivyo anavyonunua kutoonekana. Hiyo si tamaa mbaya, hata mimi nikipata nitanunua. Lakini msiseme ni wingi.

Na msitupambe sana pia. Hapo karibu, Huruma, ghorofa iliporomoka Aprili 2016 usiku wa mvua, ikaua zaidi ya watu 50. Ilijengwa kando ya mto, bila kibali. Mwenye jengo alihesabu vyumba, wapangaji walihesabu shilingi. Ujirani upo, na nyumba zinatuangukia.

#9 Kibopa wa Tegeta

Watu mnabishia sayansi. Someni habari za panya wa Calhoun. Marekani, mwaka 1968, mtafiti John Calhoun aliweka panya wanane kwenye boma lenye kila kitu: chakula, maji, viota, hakuna paka. Wakazaana hadi kama 2,200. Halafu mama wakaanza kutelekeza watoto, madume wengine wakawa wa kupigana tu, wengine kazi yao kujilamba manyoya, hawataki jike wala ugomvi. Mwisho uzazi ukakoma, wote wakaisha. Kujilamba manyoya ndiko huku kujipiga picha kwenye kioo cha lifti. Uzi ufungwe.

#10 Mwalimu wa Zamu

Mkuu Kibopa, usifunge uzi kwa panya.

Kwanza, lile boma lilikuwa na nafasi ya panya zaidi ya 3,800. Waliharibikiwa kabla halijajaa. Calhoun mwenyewe alijali zaidi kukutana kusikokwisha na kukosa nafasi ya kushika katika jamii, siyo idadi tupu. Pili, miaka ya 70 mwanasaikolojia Jonathan Freedman aliwaweka watu kwenye vyumba vya msongamano akawapima, hakuona wakigeuka hivyo. Binadamu ana mila. Amejifunza kusema hodi.

Ukitaka mfano wa watu waliobanana wakastaarabika, nenda Mji Mkongwe au Lamu. Vichochoro ambavyo punda na mtu wanapishana kwa adabu, na mbele ya nyumba kuna baraza la mawe limejengwa pamoja na ukuta. Mwenye nyumba anakaa nje jioni, anayepita anatoa salamu, na mgeni anazungumza bila kuingia ndani kwa watu. Ndani una siri zako, nje una watu wako. Binti wa Uani na Mzee wa Magomeni wote wangetulia pale.

#11 Karanga Mbichi

Mwalimu, baraza za Zanzibar siku hizi watu wamekaa kila mtu na simu yake. Nimepita Idi iliyopita.

#12 Mkara Halisi

Naona hakuna wa Kanda ya Ziwa. Sisi Ukara, kisiwa kidogo ndani ya Ukerewe, watu tumejaa tangu kabla ya Mjerumani. Mabwana shamba wa kikoloni walikuja kutushangaa. Ng'ombe anafungiwa ndani, analishwa kwa mkono, samadi haitupwi hata ukucha mmoja, mti una mwenyewe. Ardhi ndogo ilitufanya tuwe waangalifu na mali ya mtu na mpaka wa mtu. Wingi ulitufundisha adabu.

Lakini Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, watu wakitoka gulioni Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao ni zaidi ya 220. Hao tumezidi? Hapana. Wamezidishwa. Na waliofika kwanza majini ni wavuvi na wanakijiji na mitumbwi yao, kabla ya mkubwa yeyote. Bukoba vile vile, ndege ilipoanguka ziwani Novemba 2022, waliowahi ni wavuvi. Watu 19 walikufa, 24 wakatoka hai. Msiseme utu umekwisha, semeni umekwisha kwenu Kimara.

#13 Jirani wa Kimara

Mkara Halisi hahahaa. Kimara tumekosa nini? Hata Kariakoo ghorofa lilipoanguka Novemba 2024 watu walichimba kifusi kwa mikono, na zaidi ya 80 waliokolewa. Sibishi kwamba kwenye janga tunakuwa watu. Nauliza Jumanne ya kawaida, hakuna janga, dada kafiwa, mlango uko hatua tano.

#14 Kihamba Kidogo

Mimi naungana na mleta uzi kwenye wingi, ila shambani siyo mjini.

Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, babu alikuwa na kihamba, yaani shamba la ukoo, cha kuzika ukoo mzima. Migomba, kahawa, mfereji unapita juu. Akagawia wanawe wanne. Baba akapata robo, na sisi kwa baba tuko watano. Sasa hivi mpaka kati yangu na kaka yangu ni mstari wa masale, na tumeshapelekana baraza la kata kwa sababu ya migomba mitatu. Desemba tunarudi wote, magari yamejaa barabarani, mbege ipo, nyama ipo, na hatuzungumzi. Simu haikuingia hapo. Tamaa? Labda, lakini kihamba kingekuwa kikubwa hiyo tamaa ningeijulia wapi?

Mwalimu ataniletea Freedman. Freedman hakugawa kihamba.

#15 Mwalimu wa Zamu

Sikuletei Freedman, nakuletea mama zenu. Dada zenu wamepata mgomba gani?

#16 Kihamba Kidogo

Hapo mwalimu umenipiga chini ya mkanda.

#17 Mbongo Osaka

Salaam kutoka Japani. Niko huku miaka mingi sasa.

Wanaosema wingi, huku idadi ya watu inapungua kila mwaka tangu karibu 2010. Vijijini kuna nyumba tupu ambazo hazina wa kuzirithi. Treni ni safi, hakuna anayekuibia, ukidondosha pochi inakusubiri polisi. Lakini polisi wa huku walitoa takwimu: mwaka 2024 watu zaidi ya 76,000 walioishi peke yao walikutwa wamekufa nyumbani kwao, wengi wazee. Wengine wanagundulika baada ya wiki. Kuna kampuni kabisa za kusafisha vyumba hivyo. Serikali iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2021. Waingereza walitangulia 2018.

Kwa hiyo watu wakiwa wachache, shida. Wakiwa wengi, shida. Mimi nadhani ni kazi. Huku mtu anaoa kampuni. Akistaafu, kampuni imemwacha, mke hamjui, mtaa hamjui.

#18 Karanga Mbichi

Waziri wa upweke! Huyo ofisini kwake ana katibu au yuko peke yake?

#19 Dada Kumekucha

Nimesoma wote kimya, sasa niseme langu. Mnazungumzia wingi na lifti, mimi nitawaeleza tamaa na simu zinavyofanya kazi pamoja, maana zilinipitia.

Mwaka juzi mtoto aliugua, mshahara ulikuwa umechelewa. Nikapakua programu ya mkopo mtandaoni. Dakika chache, hela imeingia. Niliomba laki mbili, ikaingia pungufu, wakasema ni makato ya huduma, na muda wa kulipa siku saba siyo mwezi kama walivyotangaza. Wakati wa kujiunga kuna mahali niliruhusu isome majina kwenye simu. Nani anasoma yale maandishi na mtoto ana homa?

Siku ya nane saa mbili asubuhi walianza. Walimwandikia mama mkwe. Walimwandikia mchungaji, fundi cherehani, mwalimu wa darasa la mwanangu, mwenye duka, bosi wangu wa zamani. Picha yangu ya kitambulisho, na maneno kwamba mimi ni tapeli, nimekimbia deni, na kwamba yeye aliyepokea ujumbe ndiye mdhamini wangu. Watu kama mia mbili na kitu. Hela yenyewe nililipa wiki ile ile kwa kukopa kwingine.

Sasa sikilizeni vizuri. Hawana dalali wa mnada, hawachukui sofa. Dhamana wanayoshika ni jina lako mbele ya watu wako. Wamegundua kwamba Mtanzania anaogopa aibu kuliko kukamatiwa mali, basi wakaweka bei kwenye aibu. Mtu asiye na ndugu wala jirani wasingemkopesha hata mia, maana hakuna wa kumwaibisha kwao. Ule ujirani anaoulilia Mzee wa Magomeni ndiyo mali yao.

Katika wale mia mbili, wengi walifuta namba yangu au walinyamaza. Mchungaji alinihubiria. Aliyenipigia simu kuuliza mtoto anaendeleaje ni mmoja, dada niliyesoma naye sekondari, tulikuwa hatujaongea tangu tumalize shule. Akatuma elfu thelathini, akasema isirudi.

#20 Binti wa Uani

Pole sana dada yangu. Hawa wakopeshaji wa kausha damu wabaya. Mtoto alipona?

#21 Dada Kumekucha

Alipona. Yuko darasa la tatu, ananisumbua vitabu.

#22 Kibopa wa Tegeta

Pole dada, lakini tuseme ukweli, deni ni deni. Ungekopa kwenye kikoba chenu wasingekudhalilisha.

#23 Binti wa Uani

@Kibopa wewe umewahi kuona kikoba kikidai? Wanakuja saa kumi na moja alfajiri wamevaa sare za vitenge, wanakaa barazani kwako mpaka jua linazama, wanaimba. Wanatoa na godoro. Kausha damu hakuanzia kwenye simu. Simu imempunguzia nauli tu.

#24 Takwimu Tu

Kwa faida ya wasomaji: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zinazofanya kazi bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume ya kupeleka malalamiko. Kuwaandikia watu wote kwenye simu ya mkopaji ni kosa kwa sheria hiyo. Kenya walianza kuwabana kwa kanuni za Benki Kuu yao mwaka 2022.

Dada Kumekucha, hoja yako ya aibu kuwa dhamana ni nzito. Inavuruga hoja yangu ya foleni, ila sijaiacha.

#25 Mtoto wa Mathare

Kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Ujumbe unafika kwa pasta, kwa shemeji, kwa mama mboga. Niliwahi kupata mmoja kuhusu mtu aliyeniuzia pikipiki. Sijui hata jina lake la pili, na naambiwa nimwambie alipe.

#26 Mzee wa Magomeni

Binti Kumekucha, nimekusoma mara mbili. Zamani mdai akija, anakutana na wewe uso kwa uso, na ana haya zake, maana kesho mtakutana msibani. Hawa hawana sura. Huwezi kumwonea haya mtu usiyemwona. Nabaki na hoja yangu: ni simu.

#27 Mwalimu wa Zamu

Mzee, simu hiyo hiyo ilimleta yule wa elfu thelathini.

#28 Sare ya Kamati

Mbona mmesahau michango? Mimi wiki hii peke yangu niko kwenye magrupu manne ya harusi na mawili ya misiba. Mtu tulikutana naye semina Morogoro, akachukua namba, leo nimeingizwa "Kamati ya Harusi ya Mdogo Wake". Kadi ya mmoja laki, ya wawili laki na nusu. Usipotoa, jina lako linabaki kwenye orodha na sifuri mbele yake, linapandishwa kila asubuhi na katibu. Kisha ukumbini unakaa meza na watu usiowajua, MC anakupigia kelele ucheze, unakula kuku robo, unarudi.

Kumbe na hii ni kausha damu, ila yenye keki.

#29 Karanga Mbichi

"Kausha damu yenye keki" 😂😂 Naomba hati miliki.

#30 Kibopa wa Tegeta

Mimi nilijiondoa kwenye grupu la harusi saa sita usiku ili wasione. Asubuhi: "Kibopa ameondoka". Shangazi akapiga simu kutoka Tanga.

#31 Kihamba Kidogo

Ila msiba wa mtu wa kamati ndio mnauona umejaa. Asiyechanga anazikwa na nani? Hiyo ni bima. Babu zetu walichanga kwa jembe na mtungi, sisi kwa muamala. Serikali ilipoweka tozo za miamala Julai 2021 nani walilia kwa sauti? Watu wa misiba.

#32 Binti wa Uani

Bima sikatai, lakini bima haikupikii uji. Mleta uzi hakulalamika kwamba hawakuchanga. Amelalamika hawakugonga.

#33 Jirani wa Kimara

Asante Binti, umenielewa. Na kweli tulichanga, kila mlango elfu kumi, tukamtumia kwa simu. Alijibu "Mungu awabariki" na tukaendelea na taka.

#34 Nyumba Nne Mbezi

Nimevumilia, sasa naingia. Mimi ni mwenye nyumba. Kila uzi mwenye nyumba ndiye shetani.

Mnasema tamaa. Nachukua kodi ya miezi sita kwa sababu nilijenga kwa mkopo wa benki na benki hainisubiri. Nilipokuwa na nyumba ya mita moja ya LUKU, wapangaji walikuwa wanapigana. Huyu ana friji, yule ana pasi, yule taa moja, units zikiisha saa tano usiku kila mtu anajifanya amelala mpaka aliyeshindwa na joto anunue. Nilitatua ugomvi kila wiki. Nikaweka mita tofauti, amani ikaja. Ninyi wenyewe mlikuja mkisema "tunataka ya kujitegemea, hatutaki kushea". Dalali anawauliza, jambo la kwanza mnajibu "choo ndani". Nimewajengea mlichotaka.

Na ninaishi pale pale, nyumba ya mbele. Wapangaji wangu wakiniona wanajifanya wanaongea na simu.

#35 Takwimu Tu

Nyumba Nne, swali dogo. Mpangaji wa miezi sita akimaliza, unapandisha?

#36 Nyumba Nne Mbezi

Kidogo.

#37 Takwimu Tu

Basi hiyo ndiyo ya tano au ya sita, nimepoteza hesabu. Mtu anayehama kila baada ya miezi sita au mwaka hajengi ujirani. Anajua hapa ni pa kupita. Kuna mtu humu amekaa nyumba moja ya kupanga zaidi ya miaka mitano?

#38 Binti wa Uani

Mimi mwaka wa sita. Nawajua majirani watatu kwa majina na mmoja kwa ugomvi. Kwa hiyo muda unasaidia, hapo nakuunga mkono.

#39 Mkara Halisi

Na mimi niongeze la kwangu kabla sijalala. Rwanda wana watu zaidi ya 500 kwa kilomita ya mraba, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa mzima unatoka na majembe, wanaita umuganda. Wakimaliza wanakaa kikao. Hapo mtu atakosaje kumjua jirani?

#40 Mbongo Osaka

Usipotoka unapigwa faini, sheria yao inasema hadi faranga 5,000. Ujirani wa faini nao ni ujirani?

#41 Mzee wa Magomeni

Ni. Nilisema mwanzo, lazima ulazimishwe.

#42 Binti wa Uani

Mzee!

#43 Mtoto wa Mathare

Sisi hatulazimishwi na tunatoka. Lakini pia hatuna komeo. Sijui kama tungetoka tukiwa nalo.

#44 Dada Kumekucha

Jirani wa Kimara, yule dada amesharudi kutoka kuzika?

#45 Jirani wa Kimara

Amerudi juzi. Taa yake inawaka sasa hivi.

#46 Dada Kumekucha

Na wewe uko humu unaandika tangu jioni.

#47 Karanga Mbichi

Uwiiii. Ametoka hewani.

#48 Kibopa wa Tegeta

Jamani tukiwa tunamsubiri. @Nyumba Nne Mbezi, una chumba na sebule? Mdogo wangu amepata kazi Goba.

#49 Nyumba Nne Mbezi

Kipo kimoja, kinaachwa tarehe moja. Choo ndani, mita yake, maji ya Dawasa na kisima. Miezi sita.

#50 Kibopa wa Tegeta

Mitatu haiwezekani?

#51 Nyumba Nne Mbezi

Njoo inbox.